Hariri ya buibui: miaka 300 ya kuitafuta ratili moja

Chama kimoja cha akiba mtaani Kangemi, Nairobi, cha mafundi cherehani na wauza mitumba, kilivunja kikao chake hivi karibuni kwa sababu ya buibui. Mwanachama mmoja kijana alikuja na simu mkononi akapendekeza sehemu ya akiba ya mwaka inunue hisa za kampuni ya Marekani inayotengeneza hariri ya buibui maabarani, bila hata buibui mmoja. Alionyesha picha, akaonyesha mishale ya kijani, akasema hii ndiyo bidhaa itakayoifukuza nailoni sokoni. Mama mweka hazina alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kitambaa hicho yadi ni pesa ngapi. Kijana hakuwa na jibu. Waliomuunga mkono wakasema wakubwa wanaogopa teknolojia. Waliompinga wakamkumbusha kware.

Kware hahitaji maelezo kwa mtu aliyekuwa Nairobi mwaka 2013 na 2014. Watu walijenga vizimba barazani, wakatafuta leseni za shirika la wanyamapori, KWS, wakauziana mayai yaliyosemekana kuponya kila kitu kuanzia pumu hadi kisukari. Kwa miezi kadhaa mfugaji alimuuzia mfugaji mpya. Wafugaji wapya walipokwisha, biashara ikaisha nao. Kabla ya hapo, mwaka 2008, kulikuwa na foleni za hisa za Safaricom kwa shilingi 5 kila moja, wengine wakiwa wamekopa benki. Waliogawiwa waligawiwa kiduchu, na mwaka haukuisha kabla bei haijashuka chini ya zile tano. Waliovumilia walicheka baadaye, lakini aliyekopa hana subira ya miaka.

Kwa hiyo mama yule hakuuliza kwa woga. Aliuliza kama fundi, na nilipolifuatilia swali lake nikakuta lina umri wa zaidi ya miaka 300.

Mwaka 1709 François-Xavier Bon, mkuu wa mahakama ya hesabu za serikali huko Montpellier, Ufaransa, alitoa soksi na glovu zilizofumwa kwa hariri ya buibui. Alikuwa amekusanya vifuko vya mayai, akavichemsha, akavichambua na kuvisokota kama pamba. Wakubwa wakashangilia. Chuo cha Sayansi cha Paris kikamtuma René-Antoine de Réaumur achunguze kama jambo hilo lina pesa ndani yake, naye akarudi na hesabu ya kuvunja moyo: buibui jike 27,648 kwa ratili moja ya hariri. Tena ukiwaweka pamoja wanakulana, na kila mmoja anadai nzi aliye hai. Kiwavi wa hariri hula majani, hukaa na wenzake bila ugomvi, na kifuko chake kimoja hutoa uzi unaokaribia kilomita nzima. Hukumu ilitolewa pale, na kila kizazi tangu hapo kimejaribu kuikatia rufaa.

Aliyenipa mkondo wa hadithi hii ni mwalimu mstaafu wa sayansi, mkazi wa Kangemi na muumini wa Parokia ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Parokia hiyo inaendeshwa na Wajesuti, na dunia iliiona tarehe 27 Novemba 2015, Papa Francis, naye Mjesuti, alipoingia mtaani na kukemea dhuluma wanayotendewa maskini wa mijini. Mwalimu ana tabia yake: umtajie jambo lolote la sayansi, atakutafutia Mjesuti aliyelishika kwanza. Kwa buibui hakuhangaika. Alikuwa nao wawili.

Wa kwanza ni Mhispania Ramón María Termeyer, aliyefukuzwa Amerika Kusini pamoja na shirika lake mwaka 1767 na kuhamia kaskazini mwa Italia. Huko alifuga buibui kwa miaka mingi. Mchango wake ni kugundua kwamba huhitaji kifuko cha mayai: unaweza kumfunga buibui taratibu na kuvuta uzi moja kwa moja kutoka mwilini mwake. Mwalimu anamsifu sana. Mimi namruka, kwa sababu wa pili yuko karibu zaidi na sisi, na kisa chake kina mafunzo mengi kuliko ripoti zote za kampuni nilizosoma kwa ajili ya makala hii.

Huyo wa pili ni Padri Paul Camboué, Mfaransa aliyefika Madagascar katika miaka ya 1880. Mabaharia wa pwani yetu walikiita kisiwa hicho Bukini na walikifahamu kwa karne nyingi, lakini hawakwenda kule kutafuta buibui. Camboué alikuwa mmisionari mwenye jicho la wadudu, na katika nyanda za juu za Antananarivo alikutana na buibui anayeitwa halabe. Jike lake, miguu ikikunjuliwa, hujaza kiganja cha mtu mzima. Dume ni dogo mno, aghalabu hata hulioni kando ya mkewe. Utando wa jike ni mkubwa na una rangi ya dhahabu, rangi ya asili isiyotiwa na mtu. Jamaa zake wa karibu wako hapa Kenya pia, na huenda umewahi kupasua utando wao kwa paji la uso ukipita shambani asubuhi.

Camboué alianza na mikono yake na kisanduku kidogo. Alimbana buibui kiunoni, akagusa tumbo, uzi ukatoka, akauzungusha kwenye kigurudumu. Kilichokuwa mchezo wa padri kikageuka mradi wa serikali baada ya Ufaransa kukitwaa kisiwa mwaka 1896 na kumpeleka uhamishoni Malkia Ranavalona III mwaka uliofuata. Gavana Jenerali Joseph Gallieni alitaka koloni lijilipe. Alifungua shule ya ufundi Antananarivo, na pale ofisa mmoja wa shule, Nogué, akalichukua wazo la padri na kulitengenezea mashine. Buibui 24 walipangwa safu, kila mmoja amebanwa kati ya kifua na tumbo kwa kibao kidogo kilichofanana na kile cha kukatia vichwa, ila hakikukata. Nyuzi 24 zilivutwa pamoja, zikasokotwa kuwa uzi mmoja, zikaviringishwa kwenye gurudumu lililozungushwa kwa mkono.

Kila siku wasichana wa Kimalagasi walikwenda kwenye bustani jirani na kurudi na buibui 300 au 400 katika vikapu vyenye vifuniko vya mbao. Wakishakamuliwa, buibui walirudishwa bustanini wapumzike, kisha wakakamatwa tena. Jina la Nogué liliingia magazetini. Wasichana wale, katika taarifa hizohizo, ni "wasichana wa Kimalagasi" tu, ingawa bila vidole vyao kusingekuwa na hata sentimita moja ya uzi.

Mashine ilipewa kazi moja kubwa: kutengeneza mapazia ya kitanda kwa ajili ya Maonyesho ya Dunia ya Paris ya mwaka 1900. Kitambaa kilichofumwa kilikuwa na urefu wa yadi 18 na upana wa inchi 18, kikitumia yadi 100,000 za uzi wa nyuzi 24, na buibui wapatao 25,000. Hapo ndipo mradi ulipogonga mwamba. Wasichana wa shule na vikapu vyao hawangeweza kuleta wingi huo, basi ikatangazwa kwamba mtu yeyote atakayeleta buibui atalipwa kwa kila mia. Watu wakaleta. Vikapu vikajaa pomoni. Lakini hakuna aliyewaambia kwamba buibui lazima awe hai, na wengi wao walifika wamekufa.

Mwalimu akisimulia sehemu hii hucheka mpaka machozi, halafu hunyamaza ghafla na kuuliza kosa lilikuwa la nani. Nakubaliana naye kwamba halikuwa la walioleta vikapu. Ukimlipa mtu kwa hesabu ya vichwa, atakuletea vichwa. Waliopanga bei walikuwa wamekaa na Camboué, wakaiona mashine, wakajua kazi yote inategemea pumzi ya mdudu, lakini walipoandika tangazo waliandika idadi peke yake. Kampuni za sasa nazo zimelipwa sana kwa idadi: idadi ya hataza, idadi ya mamilioni yaliyochangwa, idadi ya mikataba na majina makubwa ya mitindo.

Kitambaa kilimalizika, kikang'aa Paris mbele ya mamilioni ya watu, kikasifiwa, kisha kikapotea. Hakijulikani kiliko. Hakuna kiwanda kilichofuata. Ukitaka kujua kwa nini, rudi kwa Réaumur na hesabu yake, kisha uongeze mshahara wa wasichana, chakula cha buibui, na msimu wa kiangazi ambapo buibui hupungua.

Zaidi ya miaka 100 baadaye, mtaalamu wa vitambaa wa Kiingereza aishiye Madagascar, Simon Peers, na Mmarekani Nicholas Godley waliisoma habari ya Nogué wakaamua kuirudia. Walitengeneza mashine ileile ya buibui 24. Waliajiri makumi ya watu waliozunguka Antananarivo na vijiti virefu, wakiwatoa buibui kwenye nyaya na nguzo za simu, ambako siku hizi wanapenda kuweka makao. Ilichukua miaka minne na buibui zaidi ya milioni moja. Kitambaa kilionyeshwa mwaka 2009 katika Makumbusho ya Historia ya Asili ya New York: mita 3.4 kwa mita 1.2, dhahabu tupu, hakikupakwa rangi. Mwaka 2012 joho lililotariziwa kwa hariri hiyohiyo liliwekwa katika makumbusho ya Victoria and Albert, London.

Gharama ya kile kitambaa cha kwanza ilizidi dola 500,000. Basi jibu la mama mweka hazina lipo, na nilimpelekea: zaidi ya dola 130,000 kwa yadi. Alisema atasubiri ipungue.

Peers na Godley hawakudai kwamba wanaanzisha kiwanda. Hiyo ndiyo tofauti kati yao na wale wanaouza hisa, nami nawaheshimu kwa hilo.

Upande wa hisa ulizaliwa mwaka 1990, Randy Lewis na mwenzake katika Chuo Kikuu cha Wyoming walipochapisha sehemu ya jeni inayompa buibui uzi wake imara, ule anaoning'inia nao. Kwa uzito uleule uzi huo huushinda waya wa chuma, na unavutika bila kukatika. Fikra ikawa nyepesi: kama buibui hafugiki, chukua jeni lake ulitie ndani ya kiumbe kinachofugika. Waliofuata wamegawanyika hasa kwa kiumbe walichokichagua.

Kampuni ya Nexia ya Montreal, Kanada, ilichagua mbuzi. Mkuu wake, Jeffrey Turner, aliona kwamba tezi ya maziwa na tezi ya hariri zinafanya kazi zinazofanana, basi jeni la buibui likatiwa kwa mbuzi ili protini ya hariri itoke na maziwa. Mabeberu wa kwanza, Webster na Pete, walizaliwa mwanzoni mwa mwaka 2000. Desemba mwaka huohuo Nexia iliuza hisa kwa umma katika soko la Toronto. Mbuzi wakawekwa katika kituo cha zamani cha jeshi la anga la Marekani huko Plattsburgh. Uzi ukapewa jina la BioSteel kabla haujakuwepo wa kutosha kufunga mzigo. Wakazungumzia fulana za kuzuia risasi, nyuzi za kushonea vidonda vya macho, mishipi ya kuvulia. Januari 2002 jarida la Science lilichapisha utafiti wao pamoja na jeshi la Marekani, na picha za mbuzi zikazunguka dunia nzima, ingawa protini iliyotumika katika utafiti ule ilitoka kwenye seli zilizooteshwa maabarani.

Kangemi, ambako mbuzi anajulikana kwa kazi nyingine kabisa, kisa hiki hupokewa kwa mshangao. Muuza nyama mmoja aliniuliza kama mbuzi hao waliliwa mwishowe. Hawakuliwa. Kampuni ilishindwa kupata uzi wenye nguvu ya buibui kwa wingi wa kuuza, ikaiacha kazi hiyo, ikamalizika kabla ya muongo kwisha. Sehemu ya kundi ilikwenda kwa Lewis, aliyehamia nayo Chuo Kikuu cha Jimbo la Utah. Walionunua hisa Toronto walibaki na hadithi nzuri ya kusimulia.

Waliokuja baada ya Nexia nawapitia haraka, kwa kuwa bado wako njiani. Kraig Biocraft ya Michigan, iliyoanzishwa mwaka 2006, ilitia jeni la buibui katika kiwavi wa hariri na kupeleka ufugaji Vietnam. Hisa zake huuzwa nje ya masoko makubwa, kwa bei ya senti. AMSilk ya Ujerumani, iliyotokana na utafiti wa Thomas Scheibel, inatumia bakteria. Mwaka 2016 Adidas walionyesha kiatu cha uzi wake, na mwaka 2019 biashara yake ya vipodozi ilinunuliwa na Givaudan. Spiber ya Japani, iliyozaliwa mwaka 2007, ilitangaza koti mwaka 2015, ikagundua kwamba hariri ya buibui ikilowa hunywea, kasoro isiyovumilika kwa koti la mvua na theluji, ikalazimika kuibadilisha protini yenyewe. Koti liliuzwa mwaka 2019: makoti 50, yeni 150,000 kila moja. Siku hizi Spiber hawasemi tena kwamba wanauza hariri ya buibui.

Ile ya simu ya kijana wetu ni Bolt Threads ya California, iliyoanzishwa mwaka 2009, inayotumia hamira kama ya kupikia mandazi, ila yenye jeni la kigeni. Mwaka 2017 iliuza tai 50 kwa dola 314 kila moja, kwa bahati nasibu, na ikashirikiana na mbunifu Stella McCartney. Baadaye ikaelekea kwenye ngozi ya uyoga, ikaiacha njiani mwaka 2023, ikabaki na unga wa protini wa kuchanganya kwenye mafuta ya nywele na ya ngozi. Iliingia soko la Nasdaq Agosti 2024, na mwaka uliofuata hisa 20 zikaunganishwa kuwa moja. Kampuni hufanya hivyo bei inapokuwa imeshuka hadi soko likatishia kuitoa. Kijana hakuwa ameliona hilo, kwa sababu mchoro wa simu hujirekebisha wenyewe na mshale ukabaki kijani siku hiyo.

Kampuni nyingine kubwa hata haziuziki kwa mtu wa chama: Spiber na AMSilk zimechangiwa na mifuko mikubwa ya uwekezaji, kama Carlyle ya Marekani iliyoingia Spiber mwaka 2021. Kwa hiyo mtu wa Kangemi anaachiwa zile zilizobaki mlangoni. Hilo pekee lingetosha kumfanya aulize mara mbili.

Linaloniudhi ni jingine. Tumekuwa tukitazama mbali wakati tulikuwa na hariri yetu na wataalamu wetu. Tangu miaka ya 1970, kwa msaada wa Japani, Thika imekuwa na kituo cha taifa cha viwavi wa hariri na miforsadi ya kuwalisha. Kituo hicho kiko chini ya KALRO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo, ambalo makao yake makuu yako Loresho, mtu wa Kangemi anafika kwa miguu. ICIPE, taasisi ya wadudu aliyoianzisha Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970, iliwafundisha wanakijiji wa Mwingi kukusanya vifuko vya nondo wa mwituni kwenye migunga na kuvisokota, na kando ya msitu wa Kakamega ikawafunza wenyeji kuwalinda viwavi wa Anaphe, ambao husuka kiota kimoja kwa pamoja, kundi zima ndani. Wadudu hawa hawalani. Hawahitaji jeni la mtu. Walichokosa wafugaji wao ni mnunuzi wa uhakika, jambo ambalo bajeti ya kaunti ingeliweza kwa fedha za uzinduzi wa barabara moja.

Na tusijidanganye kwamba viumbe vyetu havina thamani kwa wengine. Vijidudu vya maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa, vilivyochukuliwa na watafiti kutoka nje mwanzoni mwa miaka ya 1990, vilizaa vimeng'enya vya kampuni ya Genencor, vikiwemo vya kupaushia jinzi, na KWS ililalamika mwaka 2004 kwamba Kenya haikupata mgao. Baadhi ya jinzi za aina hiyo huenda zimepita kwenye marobota yanayofunguliwa Kangemi kila asubuhi. Tumeuziwa mitumba ya viumbe vyetu wenyewe. Buibui wa Bukini naye yuko njia hiyohiyo: mwaka 2010 watafiti walimtangazia ulimwengu buibui mwingine wa kisiwa hicho, Caerostris darwini, anayetanda utando wake juu ya mito, na hariri yake ikapimwa kuwa ngumu kukatika kuliko nyingine zote zilizokuwa zimepimwa. Maabara za kampuni hazijachelewa kumsoma.

Uganda wameamua kuijaribu hariri kwa fedha za umma. Mradi wa viwavi unaoendeshwa na taasisi ya TRIDI umepewa mabilioni ya shilingi, miforsadi imepandwa katika wilaya nyingi, na wabunge wamewaita waendeshaji wake kamatini kuwauliza pesa zimekwenda wapi na uzi uko wapi. Ni maswali makali, na huenda majibu yatakuwa machungu. Hapa kwetu sijasikia mbunge yeyote akiuliza uzi wa Thika uko wapi, na mbunge wa Westlands, jimbo lenye Kangemi na Loresho, angeweza kuanza kwa kwenda kubisha hodi Loresho.